Siku ya Soko Niliyoichagua

Barabara inayotoka Moroni kwenda kaskazini, hapa kisiwani Ngazija, imeikaribia bahari kiasi kwamba siku za mawimbi makubwa mkimbiaji hulowa upande mmoja tu. Naikimbia mara tatu kwa wiki kabla ya kufungua kibanda changu cha kutengeneza friji. Kushoto kwangu kuna mawe meusi, mabaki ya moto uliotoka mlimani zamani, ukateremka mpaka majini na kugandia hapo, na katikati ya weusi huo, bila mpango wowote, vipande vya mchanga mweupe kama unga. Kulia ni mlima wenyewe, Karthala, ambao bado una moto tumboni, na ambao huzuia jua mpaka mtu awe amekwisha kukimbia na kuoga. Hilo la jua lilinichukua muda kulizoea. Kwetu Kanyakine, nchini Kenya, jua hutoka upande wa bondeni na kuupiga mlima usoni. Hapa linatokea nyuma ya mlima, na pwani yote hubaki kivulini, kama chumba ambacho mwenyewe hajaamka kufungua madirisha. Wazee wa mji wa pili, wanaokaa kwenye ukuta wa uwanja wao tangu alfajiri, walikuwa wakiniuliza kila siku, “Mkenya, nani anakufukuza?” Siku hizi hawaulizi tena. Wanainua tu mkono.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nimeufikia ukuta huo simu iliposhtuka mfukoni. Alikuwa Gakii, kutoka Mitunguu. Alisema mume wake, Mutuma, amefariki kwa ugonjwa wa mapafu uliomlaza wiki mbili tu, na kwamba atazikwa Ijumaa. Alizungumza kwa utulivu, kama mtu ambaye amekwisha kupiga simu nyingi za aina hiyo na zimebaki nyingine. “Kuna kitu nataka uandike,” akasema. “Nusu ukurasa hivi. Ule mwaka mlikaa pamoja Embu. Watoto hawajui baba yao alikuwa mkimbiaji, wanajua tu alikuwa mtu wa ndizi. Mwiti, mtoto wetu wa kwanza, atasoma kanisani.” Nikamwambia nitaandika. Tangu siku hiyo nimeandika nusu ukurasa huo mara tano, na kila mara nimefika mahali pamoja nikasimama, kwa sababu kuna sentensi moja ambayo bila hiyo mwaka ule ni uongo, nami sijawahi kumtamkia mtu yeyote. Nafasi iliyonileta kwenye kisiwa hiki kwa mara ya kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mutuma, na mimi ndiye niliyemnyang’anya.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani mpaka nikachoka kuonwa. Mwalimu Njeru, mstaafu wa Embu aliyekuwa akitafuta vijana wenye mapafu, alinikuta kwenye mashindano ya tarafa akanichukua. Mutuma alikuwa ameletwa naye kutoka Kianjai miezi michache kabla. Tulikaa chumba kimoja Embu mjini, nyuma ya bucha ya Mzee Salim, chumba cha mbao chenye vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama ndoano za nyama. Ukuta kati yetu na bucha ulikuwa mwembamba sana. Tulijua nani amenunua maini, nani amerudisha mfupa akilalamika, na zaidi ya yote tulijua watu walisema nini juu yetu. “Hao vijana wako wanakimbia kila asubuhi,” mteja mmoja alisema siku moja, “na bado hawajafika?” Mzee Salim akamjibu bila kuacha kukata, “Wangekuwa wamefika, bwana, lakini yule wa Kianjai anasalimia kila mtu njiani. Mpaka amalize Embu nzima, tutakuwa tumezeeka.” Mutuma alikuwa amelala kitandani akisikiliza. Alicheka mpaka kitanda kikalia.

Mzee Salim alisema kweli. Mutuma alikuwa hawezi kumpita mtu mzima bila salamu. Tukishuka kuelekea mto Rupingazi, ukungu haujainuka, pumzi zinatoka kama moshi, anamwona mzee mwenye jembe mbali kabisa, na tayari ameanza kupunguza mwendo. “Muga,” anasema kwa Kimeru, hata kwa watu wa Embu ambao husalimiana kwa namna yao, na nao wanamwitikia wakicheka. Mwalimu Njeru, aliyekuwa akitufuata kwa baiskeli, saa yake ameifunga kwa uzi shingoni, alikuwa akipiga kelele nyuma, “Mutuma! Salamu utawapa ukirudi!” Hata hivyo alikuwa akinishinda. Alisimama, akasalimia, akaniacha nitangulie, kisha nikasikia nyayo zake nyuma yangu, nyepesi, bila haraka, na kabla ya daraja alikuwa amenipita akinipigapiga begani. Nimewaona wakimbiaji wengi tangu wakati huo, na bado naamini sijaona miguu kama ile. Nilimpenda, na nilichoka kumpenda. Mtu akikupita kila siku huku akitabasamu, tabasamu lenyewe huanza kukuuma.

Jioni alipika yeye, kwa sababu mimi niliunguza. Githeri, mahindi na maharagwe, aliichemsha tangu mchana, akaikaanga na kitunguu kimoja na mafuta ya mnyama ambayo Mzee Salim alitupatia kwenye karatasi. Ijumaa tulipewa matumbo. Tulikula kwenye sufuria moja tukiwa tumekaa chini, migongo kwenye vitanda, na Mutuma alizungumza kuhusu Gakii. Gakii alikuwa jirani yetu Kanyakine. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na mistari sita ya kahawa. Mimi ndiye niliyewakutanisha, Krismasi ile Mutuma alipokuja kwetu kula. Na ilipofika wakati wa kupeleka neno kwao, mimi ndiye niliyemsindikiza, nimebeba kile kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ambacho kwetu baba akikipokea na kukifungua amekubali mazungumzo yaanze. Baba yake Gakii alikifungua. Tulipotoka nje Mutuma alinishika mkono njia nzima mpaka kwetu, kama mtoto.

Kuanzia siku hiyo Mama Gakii akawa mkwe wake, na hapa lazima nieleze jambo ambalo watoto wa Mutuma, waliozaliwa katika mambo mengine, huenda wasilielewe. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawakutani njiani. Wakionana, mmoja hutoka barabarani, hugeuza uso, na husubiri mwenzake apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima nzito. Nyumba nyingi zilikuwa zimeacha desturi hiyo kwa sababu ya kanisa, lakini Mama Gakii, ingawa aliimba kwaya na kuongoza maombi ya kina mama, hakuiacha, na Mutuma hakuwa mtu wa kumwomba aiache. Mwezi mmoja baadaye tulikuwa sokoni Kanyakine, mimi naye, tukinunua nduma, yaani magimbi. Ghafla sikumwona. Nikamtafuta, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya magunia ya kabichi, mikono kichwani.

“Amepita?” akaniuliza kwa sauti ya chini.

“Bado. Anachagua vitunguu.”

“Anachagua vitunguu vingapi?”

“Unavyomjua, atavinusa vyote.”

Mwenye kabichi, mama mmoja mnene, alimtupia leso yake kichwani akisema, “Kaa hapo, bwana harusi, nitakuuza pamoja na hizi.” Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Lakini nakumbuka kwamba katikati ya kicheko kile kulikuwa na kitu kingine, kitu kidogo na baridi kilichokuwa kikihesabu. Niliona kwamba mtu ambaye mimi sikuweza kumsimamisha, mwanamke mmoja mwenye kikapu aliweza kumsimamisha bila hata kumtazama.

Barua ya kisiwa ilikuja kwa faksi, ofisini kwa rafiki wa Mwalimu. Mwalimu alitusomea tukiwa tumekaa kwenye benchi la Mzee Salim, akitafsiri polepole. Kutakuwa na mbio za barabarani katika kisiwa chenye volkano. Zitaanza ufukweni, zitafuata bahari, halafu zitageuka na kupanda mlima. Wenyeji watamgharamia mkimbiaji mmoja kutoka kwake. Mmoja tu. Mzee Salim alitoka na kisu mkononi kusikiliza. “Bahari,” akasema. “Babu yangu alitoka huko. Mkifika mwambieni tuko salama.” Mutuma alinigeukia macho yakiwaka. Alikuwa na mpango wake: mbio hizo, kisha nyingine, kisha nyumba ya mawe Kianjai, kisha harusi. Mimi sikuwa na mpango. Nilikuwa sijawahi kuona bahari, wala kufika mbali kuliko Embu, na nilihisi kwamba nisipoondoka kwa njia ile sitaondoka kamwe. Siku hizi, nikiwa nimeishi katika miji saba na kuzoea kufunga begi, hisia ile inanichekesha kidogo. Wakati ule ilinikosesha chakula.

Mwalimu akaamua atachagua kwa jaribio. Joto liko chini, mlima uko juu, akasema, kwa hivyo mtakimbia kutoka Mitunguu, kwenye migomba, mpaka Kanyakine, na mimi nitawangoja juu na saa yangu. Wa kwanza ndiye anayekwenda. Tulikuwa tunakula. Alinyoosha kijiko kuelekea kwangu. “Kinoti, wewe ndiye mwenyeji wa huko. Njia inakuwa wazi siku gani? Jumatano au Alhamisi?”

Alhamisi ilikuwa siku ya soko Mitunguu. Kila Alhamisi, tangu nikiwa mtoto, nilikuwa nikimwona Mama Gakii akitoka na mzigo wa nduma mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, akishuka kwa njia ileile.

“Alhamisi, Mwalimu,” nikasema. “Jumatano kuna malori ya mchanga.”

Hapakuwa na malori. Mutuma, ambaye hakujua ratiba za njia ile, alisema Alhamisi ni sawa, akaniongezea githeri.

Tulianza asubuhi, jua likiwa tayari kali. Chini kule hewa ni nzito, na migomba iliyomwagiliwa maji hutoa harufu ya udongo na majani yanayooza. Mutuma alinitangulia tangu kilomita ya kwanza. Tulipoanza kupanda alikuwa mbele yangu hatua mia moja hivi, na mgongo wake ulikuwa umetulia, ule utulivu niliokuwa nikiufahamu, wa mtu ambaye bado hajaanza. Wanawake wa soko walikuwa wakishuka wawili wawili, naye akawasalimia. Nikafikiri pengine Mama Gakii ameumwa leo, pengine ameshapita, na sitasema uongo: nilipofikiri hivyo nilisikitika. Halafu tukafika pale ambapo barabara imekatwa mlimani, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine mteremko wenye migomba. Mwanamke mmoja peke yake alitokea kwenye kona, ameinama chini ya mzigo.

Mutuma alimjua kabla yangu. Alisimama kama aliyefikia kamba, akatoka barabarani, akashuka kwenye migomba, akampa mgongo. Lakini Mama Gakii naye alikuwa ameinua kichwa na kumwona. Kwa mzigo ule hakuweza kupanda ukuta wala kushuka mteremko, kwa hivyo alifanya alichoweza: aligeuka, akauelekeza uso wake kwenye udongo, akasimama. Basi kila mmoja akamngojea mwenzake apite. Yeye hakuweza kujua kwamba Mutuma ametoka njiani, kwa sababu hakumtazama. Mutuma hakuweza kujua kwamba mama mkwe amesimama, kwa sababu hakumtazama. Barabara ilikuwa tupu kati yao, na mimi ndiye niliyekuwa na macho.

Nilipita katikati yao. Niliona jasho likichuruzika kwenye shingo ya yule mama na kamba ilivyoingia kwenye ngozi ya paji lake. Maneno matatu yangetosha: mama, pita sasa. Ningeyasema bila kupoteza pumzi. Sikuyasema. Nilikimbia kwa ncha za vidole, nasema ukweli, ili wasisikie nyayo. Nilipofika juu Mwalimu aliitazama saa yake, akanitazama mimi, akatazama njia. “Mutuma yuko wapi?” Nikamwambia yuko nyuma. Alifika baada ya muda mrefu, shati likiwa na utomvu wa migomba, akicheka huku akihema. “Mama mkwe amenishinda mbio,” akasema. Alieleza vile walivyosimama mpaka mzee mmoja mwenye punda akaja kuwapigia kelele. Mwalimu alikasirika, akavua kofia akaivaa tena. “Hii mambo ya kujificha itawamaliza. Tunarudia kesho.”

“Hapana, Mwalimu,” Mutuma akasema. “Tukirudia watu watauliza kwa nini, na jina la mama litaingia. Watasema alinizibia njia. Kinoti ameshinda. Aende.”

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikinywa maji.

Nilikuja hapa. Nilimaliza katikati ya watu, si mbele wala nyuma, chumvi midomoni, na hakuna aliyeniita tena popote. Lakini bahari ilikuwa imenishika. Nilirudi nyumbani kidogo, nikaondoka, Mombasa, Tanga, Mtwara, nikajifunza kazi ya friji, na mwisho nikajikuta naikimbia tena barabara ileile, safari hii bila namba kifuani. Mutuma alimwoa Gakii, akapata shamba la ndizi la kumwagilia Mitunguu, na hakukimbia tena. Kila nilipokwenda likizo alinilaza kwake na kuniuliza habari za mawe meusi: ni kweli ni mepesi, ni kweli yana matundu? Sikuwahi kumwambia. Nilijidanganya kwamba namhifadhia furaha yake.

Leo ni Jumatano. Nimekimbia mpaka kwenye mchanga mweupe wa kwanza, nikakaa juu ya jiwe, nikampigia Gakii. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wakifunga turubai.

“Mama Mwiti,” nikasema, “sijaandika. Kuna jambo lazima ulisikie kwanza, kisha uniambie kama bado unataka niandike.”

Nikamweleza. Siku ya soko, malori ya mchanga ambayo hayakuwepo, mahali barabara ilipokatwa, ncha za vidole. Nilipomaliza, nilisikia mtu akimwuliza mahali pa kuweka viti, naye akamjibu kwa Kimeru kwamba popote.

“Unajua Mutuma alikuwa na mzaha mmoja,” akasema hatimaye. “Kila sherehe. ‘Mama mkwe alinishinda mbio.’ Watu wanacheka. Miaka yote hii.”

“Najua.”

“Mama hachekangi. Ulishaona?”

Sikuwa nimeona.

“Tangu hiyo siku hakwendangi soko kwa ile barabara. Anazunguka na kule mtoni, na goti zake hizo. Juzi Mutuma akiwa hospitali, Mama aliniambia, ‘Huyu mtoto angekuwa mtu mkubwa. Mimi nilimsimamisha na mzigo wa nduma.’ Juzi, Kinoti. Ana miaka themanini.”

Kwa miaka yote nilidhani deni langu lilikuwa kwa Mutuma peke yake, na kwamba limekufa naye.

“Nisamehe,” nikasema.

“Mimi sijui kama nakusamehe. Hiyo tutaongea baada ya Ijumaa. Kanisani utaandika vile alikuwa anakimbia, na watoto wasikie. Hii nyingine si ya Mwiti kusoma. Mama yuko hapa, anachambua mchele. Mwambie mwenyewe.”

Nilitaka kusema nitapiga baadaye, lakini tayari nilisikia simu ikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na pumzi ya mtu mzee karibu sana na sikio langu. Aliuliza ni nani. Nikamwambia ni Kinoti, wa ng’ambo ya kahawa. Akanisalimu, akaniuliza kama huko niliko kuna mvua. Kisha nikamwambia, kwa Kimeru, kwa maneno mafupi, kwamba siku ile Mutuma alikuwa ametoka barabarani, njia ilikuwa wazi, mimi niliona na sikusema, na kwamba siku yenyewe niliichagua mimi kwa sababu nilijua atapita.

Nilisikia ungo wa mchele ukiwekwa chini.

“Kwa hivyo hakuwa akiningoja mimi barabarani,” akasema.

“Hapana, mama. Alikuwa kwenye migomba. Ungepita tu.”

“Na wewe ulituona wote wawili.”

“Niliwaona.”

“Ngoja,” akasema. Akaita mtu amletee kiti, na nikasikia miguu ya kiti ikivutwa juu ya saruji, na yeye akishuka polepole mpaka akakaa. “Sasa anza tena mwanzo. Na usikimbize maneno.”